Bila Masimango

Bibi Walentyna alitupokea kwa chai ya ndimu,
akatuvulisha viatu, akatunawisha mpaka viwiko
ndipo akatuonyesha watoto sita wa siku kumi na tisa
waliorundikana kwenye taulo kama mikate ya moto.
Baba yao ana medali tatu za Brno.
Nyonga za mama zimepigwa eksirei,
na ukutani nasaba imeandikwa kwa wino,
vizazi vitano, kila babu na jina lake.

Ziemowit aliifuata ile nasaba kwa kidole
kama mtu atafutaye jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Nilikuja na hasira zangu, nikakosa pa kuzitua.
Huyu hakuwa mchuuzi. Alituuliza
nani atashinda nyumbani, ngazi zetu ni ngapi,
na tukishindwa, tutamrudisha kwake, si kwingine?
Bei ilikuwa kodi yetu ya miezi mitatu.
Tukaacha arubuni.

Garini nikasema: kilomita kumi tu kutoka hapa
wako mia mbili wanaobweka bure.
Nikasema sana. Theluji ilipigwa kioo kizima,
naye hakujibu mpaka taa nyekundu ya kuingilia Lublin.

"Ludwika, wewe hujawahi kuokotwa."

Nikazima redio.

Alikuwa na miaka sita mwanamke aitwaye Kunegunda
alipomtoa nyumba ya watoto.
Alipewa kitanda, viatu vya baridi, supu,
na kila supu ilikuja na kijiko cha pili:
usisahau nilikokutoa.
Mkosa la mama hata la mbwa huamwa, husemwa;
hakuna asemaye kama mbwa naye
humkumbusha aliyenyonya.

"Nikimchukua wa kituoni nitamtazama akila,
na mdomo wangu utafunguka kwa sauti ya yule mama.
Huyu wa Walentyna hakuna nilikomtoa.
Nataka kuona kiumbe aliyezaliwa akisubiriwa
analalaje."

Jumamosi tulipeleka kituoni mablanketi ya zamani. Hayo tu.
Otylia wa zamu, mikono imechubuka kwa klorini,
alitupitisha katikati ya vizimba.
Walirukia wavu, walilamba hewa,
kila mmoja akijinadi kwa alichonacho.
Kizimba cha kumi na saba hakikunadi kitu.
Koko wa rangi ya chai iliyolala, sikio moja nusu,
alitupa mgongo, akaendelea kulamba unyayo.
"Huyo hana shukrani," Otylia alisema.
"Miezi kumi na minne namlisha,
hajanitikisia mkia hata siku moja."

Ziemowit akasimama.
Kisha akaketi kwenye saruji iliyolowa,
naye akampa mgongo.
Walikaa hivyo, migongo miwili na wavu katikati,
mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Jumamosi ya pili vilevile.
Ya tatu, mbwa alipiga miayo.

Walentyna alipiga simu: mwenye kifua cheupe
anakula uji sasa, tumwandike jina gani?
Ziemowit akamweleza. Upande wa pili kimya kirefu,
kisha akauliza jina la huyo mwingine.
Hana, tulisema.
Alirudisha nusu ya arubuni.

Fomu ya kituo ina kurasa nne.
Swali la kumi na moja:
Kwa nini unataka kumwokoa mbwa huyu?
Alikata neno *kumwokoa*, juu yake akaandika *kukaa na*,
na chini, kwa mwandiko wake wa kujikunja:
Kwa sababu hatanishukuru.
Otylia alisoma mara mbili, akagonga muhuri.

Usiku ule alikula yote, akalisukuma bakuli hadi mlangoni,
akatupa mgongo.
Nilifungua mdomo niseme neno.
Ziemowit akanitazama.
Nikaufunga.